Kioo cha tachi au vitufe kwenye gemu za mkononi? Tulinganishe DS, PSP, Vita, Switch na simu

Mzee wa Katriji

Wakuu, habari za jioni.

Ubishi wa kioo na vitufe hauishi humu. Huyu anasema gemu bila vitufe si gemu, yule anasema vitufe vimepitwa na wakati tangu simu za tachi zilipoingia mitaani. Nimefungua uzi huu tulinganishe mashine kwa mashine na gemu kwa gemu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga ajue pa kuanzia: kioo cha tachi kimeboresha gemu za mkononi pale ambapo kidole au kalamu inafanya kitendo chenyewe, yaani kuchora, kukata, kuvuta, kuandika. Pale ambapo kioo kinajifanya kitufe, kimetuharibia.

Tuanze na 2004, kwa sababu mwaka ule pande mbili zilisimama uso kwa uso. Nintendo DS ilitoka Marekani mwezi Novemba, ikaingia Japani mwanzoni mwa Desemba, na siku chache baadaye Sony wakatoa PSP hukohuko Japani. PSP ilikuja na kioo kipana cha kuvutia, picha zinazoikaribia PlayStation 2, vitufe na kijiti kimoja cha analogi, yaani cha kusukuma kwa gumba. Kugusa hakuna. DS ilikuja na vioo viwili vidogo, kila kimoja nukta 256 kwa 192, picha za kawaida sana, ila kile cha chini unakigusa kwa kalamu. Kwa kuangalia tu dukani, wengi wangechagua PSP. Mwisho wa safari DS iliuza zaidi ya mashine milioni 150, PSP takriban milioni 80.

Sasa hapo mashabiki wa kioo wasikimbilie kushangilia. Gemu iliyoongoza kwa mauzo kwenye DS ni New Super Mario Bros. ya 2006, zaidi ya nakala milioni 30, na hiyo unaicheza kwa vitufe mwanzo mwisho. Kioo unakigusa ukitaka kutoa kile kitu ulichoweka akiba, pamoja na vile vigemu vidogo vya pembeni. Nintendogs ya 2005, ambayo unamfuga mbwa na kumpapasa kwa kalamu, iliuza karibu milioni 24. Mario Kart DS ya mwaka huohuo, unayoendesha kwa vitufe vitupu, ilipita milioni 23. Angalieni namba hizo mbili zilivyokaribiana. Mashine ni ileile, na watu walipenda kucheza kwa njia zote mbili.

Kilichonifanya niamini kioo ni Zelda: Phantom Hourglass ya 2007. Karibu kila kitu unafanya kwa kalamu. Unachora njia ya meli baharini, na meli inafuata mstari wako. Unachora mkunjo wa bumarangi kuzunguka nguzo mbili na kuipiga swichi iliyojificha nyuma yake. Na zaidi ya yote, unaandika juu ya ramani: ukiambiwa hazina iko kusini mwa mti fulani, unaweka alama yako mwenyewe, unaendelea, saa moja baadaye unarudi na maandishi yako bado yapo. Hakuna kitufe kinachoweza kukupa hilo. Etrian Odyssey ya mwaka huohuo ilienda mbali zaidi: anayepenya mapangoni ni wewe, na mchoraji wa ramani ni wewe, ukuta kwa ukuta, kwenye kioo cha chini. Ukikosea ukuta mmoja, utapotea.

Na kilichonikera ni Castlevania: Dawn of Sorrow ya 2005. Gemu tamu kweli, ya kuruka na kupiga, vidole gumba vyote viwili viko kazini. Umemchosha bosi, yaani adui mkubwa, damu yake imeisha, ghafla inatokea alama ya kuchora kwa kugusa kioo. Kalamu iko wapi? Iko kwenye ala yake nyuma ya mashine. Unajaribu kwa ukucha, mstari unapinda, bosi anarudishiwa damu, pambano linaendelea. Kioo pale kilipachikwa kwa sababu mashine inacho, basi. Super Mario 64 DS nayo ilitaka kioo kiwe badala ya kijiti cha analogi. Mashine ikaja mpaka na kamba ya kuvaa kidole gumba yenye kipande cha plastiki cha kutelezesha juu ya kioo. Ukijaribu kumtembeza Mario taratibu ukingoni mwa daraja kwa njia ile utanielewa.

Karibuni. Anayetaja gemu aseme na kinachofanyika mkononi, tusiishie kwenye "ni kali" au "ni mbovu".

---

Kijana wa Ngarenaro

Shikamoo mzee. Mimi niko upande wa vitufe na nitaeleza kwa nini.

Sisi wengi wa rika langu hatukuishika PSP yenyewe. Tulizijua gemu zake kupitia PPSSPP kwenye simu, ile programu inayoigiza PSP ndani ya Android. Mtu anakurushia faili la gemu, unafungua, vitufe vinatokea vimechorwa juu ya kioo. Hapo ndipo utajua tofauti. Chukua God of War: Ghost of Sparta. PSP ina kijiti kimoja tu, kwa hiyo ili mhusika wako Kratos akwepe, unashika L na R, vile vitufe vya juu pembeni, kwa pamoja halafu unasukuma kijiti upande unaotaka. Kwenye mashine halisi vidole vya shahada tayari vimelala juu ya L na R, wala hufikirii. Kwenye simu vidole gumba viwili vinatakiwa vifanye kazi ya vidole vinne. Unaachia kupiga ili ukwepe, na ukiachia umeshapigwa.

Kingine ni kwamba kioo hakina ukingo. Kitufe cha plastiki kidole kinakijua chenyewe, kinasikia kona na katikati. Kwenye kioo kidole gumba kinasogea kidogokidogo bila wewe kujua, dakika tano baadaye unabonyeza hewa, inabidi uangalie chini. Ukiangalia chini adui hakusubiri. Ndiyo maana ile alama ya kujumlisha ya mwelekeo, aliyoibuni Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, iko mpaka leo kwenye pedi za kuchezea karibu zote. Kidole gumba kinaisoma kwa kugusa.

Nilipounganisha pedi ya Bluetooth kwenye simu ileile na gemu ileile, nikawa mchezaji mwingine.

---

Chui wa Squad

Kijana, unachosema ni kweli kwa gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya pedi. Lakini usiuhukumu uwezo wa kioo kwa gemu ya kuazima.

Njoo kwenye gemu za kupigana risasi zilizozaliwa kwenye simu, Free Fire na PUBG Mobile. Sisi tunashika simu kwa vidole vinne. Gumba la kushoto linatembea, shahada ya kushoto inafyatua, gumba la kulia linalenga, shahada ya kulia inafungua skopu au kuruka. Nahama huku napiga huku nalenga huku naruka, kwa wakati mmoja. Kwenye pedi ya kawaida ukitaka kubonyeza kitufe cha kuruka lazima gumba la kulia liachie kijiti cha kulengea, labda pedi iwe na vitufe vya nyuma.

Na kulenga kwenyewe: kijiti kinaiambia gemu "zunguka kwa kasi hii mpaka nikuachie". Kidole kwenye kioo kinasema "geuka kiasi hiki, hapo, basi". Nikitelezesha sentimita moja, macho ya mchezaji yanageuka kiasi kilekile kila mara, mkono unazoea ule umbali. Kwenye Free Fire tunavuta kitufe cha kufyatulia kwenda juu huku tukipiga ili risasi zipande kichwani. Hicho ni kitendo cha kioo, huwezi kukifanya kwa kitufe cha plastiki. PUBG nayo ina jairo: unainamisha simu kidogo kutuliza bunduki inaporuka. Kidole kinafanya kazi kubwa, mkono unamalizia.

Kila mchezaji anapanga vitufe vyake anavyotaka, ukubwa wake, mahali pake, hata kuvififisha. Mwenye vidole vifupi na mwenye vidole virefu hawachezi kwa mpangilio mmoja. Konsoli gani inakupa hiyo?

---

Mzee wa Katriji

Chui, hoja yako ya kulenga naikubali bila kusitasita, na ina ushahidi wa zamani. Metroid Prime Hunters ya 2006 kwenye DS ilifanya jambo hilohilo: mkono mmoja unatembea kwa vitufe, kalamu inalenga. Waliozoea hawakutaka tena kijiti. Na Nintendo walipotoa Switch 2 Juni 2025, wakafanya kile kipande cha pembeni, Joy-Con, kiweze kulazwa mezani na kusukumwa kama kipanya cha kompyuta. Wameifuata hoja yako: kwenye kulenga, umbali unashinda kasi.

Lakini ona ulichosema mwenyewe. Kulenga ni kuvuta, ni kitendo cha kidole. Kuruka na kujaza risasi ni kubonyeza tu, na hapo unahitaji kuvipanga vitufe kwa saa nzima ili visikusaliti. Na kuna jambo hujaligusa: vidole vinne juu ya simu vinaziba kioo. DS ilikwepa tatizo hilo kwa kuweka kitu cha kuangalia juu na cha kugusa chini.

---

Fundi Kioo K/koo

Mimi natengeneza vioo, sitaingia kwenye ligi yenu. Naona tu mnaviita vyote "tachi" wakati ni vitu viwili tofauti kabisa, na nusu ya ubishi wenu inatokana na hapo.

Kioo cha DS na mrithi wake 3DS ni cha kubonyea. Kuna tabaka mbili zinazopitisha umeme, katikati kuna nafasi ndogo sana. Ukikandamiza, ya juu inainama na kugusana na ya chini, mashine inapima umeme na kujua umegusa wapi. Haijali unatumia nini: kalamu, ukucha, kijiti cha meno, hata ukiwa umevaa glavu. Ncha ikiwa nyembamba unaandika herufi ndogo kabisa, ndiyo maana ile michezo ya kuandika na kuchora ilikaa vizuri kule. Ubaya wake inasikia mguso mmoja kwa wakati, na tabaka la juu ni plastiki, linakwaruzika na kuchoka pale panapoguswa sana.

Kioo cha simu, cha Vita (mrithi wa PSP) na cha Switch ya Nintendo kinasikia umeme wa mwili. Kuna wavu mwembamba wa nyaya chini ya kioo, kidole kikikaribia chaji inabadilika kidogo na chipu inahesabu ni wapi. Hicho kinasikia vidole vingi kwa pamoja, Switch inafika kumi, na hakihitaji kukandamizwa. Ila kidole ni kinene. Kalamu za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili yake zina ncha nene kama kidole vilevile, kwa sababu ncha nyembamba haiamshi kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia gemu ya DS itahamia kwenye simu "bila tatizo, zote si tachi", mwambie akajaribu kuandika tarakimu kwenye mraba mdogo kwa kidole.

Halafu Chui, hili ni lako. Watu wanakuja hapa kila wiki na simu inayojibonyeza yenyewe katikati ya mechi, wanataka kubadilishiwa kioo. Swali langu la kwanza ni moja: ulikuwa unacheza huku unachaji? Chaja bandia inapitisha umeme mchafu, na kwa kuwa kioo kinapima mabadiliko madogo mno ya chaji, ule uchafu unasomeka kama vidole. Chomoa chaja, kioo kinatulia. Jasho nalo lina chumvi, linapitisha umeme, tone moja linasomeka kama mguso. Vile visoksi vya vidole wanavyovaa wachezaji vimefumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme, vinafyonza jasho na kidole kinateleza. Protekta nene nayo inapunguza usikivu, hasa ile iliyobandikwa ikaacha hewa chini.

Kitufe cha plastiki hakijui jasho wala chaja. Lakini na chenyewe kinakufa: mpira wa ndani unachakaa, na vijiti vya analogi vinaanza kutembea vyenyewe. Navyo nafungua kila siku.

---

Mwanaisha wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Uzi mzuri, lakini mwazungumza kama kwamba wachezaji wote ni vijana wa kupigana risasi.

Mamangu hajawahi kushika pedi na hataishika. Ukimpa pedi yenye vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi ataitazama akurudishie. Lakini Candy Crush amecheza hadi viwango ambavyo mimi sijaviona, na wala hakuna aliyemfundisha. Aliona peremende, akaisukuma kwa kidole, ikasogea. Bao la kwenye simu ni hivyo hivyo: unagusa shimo, kete zinasambaa. Karata, drafti, zote. Kitu unachotaka kukisogeza unakigusa kilipo, hakuna cha kukariri.

Hata Nintendo walilijua hilo. Brain Age, ile ya mazoezi ya akili ya Dakta Ryuta Kawashima iliyotoka Japani 2005, uliishika DS wima kama kitabu na kuandika majibu ya hesabu kwa mkono. Iliwafikia watu wazima ambao hawakuwahi kununua gemu yoyote. Kama kuboresha ni kuongeza watu wanaoweza kucheza, kioo kimeboresha kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kuwekwa kwenye mashine ya mkononi.

Na si gemu za mezani tu. Subway Surfers ya 2012: kushoto, kulia, juu, chini. Mitelezo minne ya kidole, popote kwenye kioo, huhitaji kukilenga kitufe. Kijana wa Ngarenaro alisema kioo hakina ukingo. Pale ukingo hauhitajiki hata kidogo. Waliofikiria gemu ile walianza na kidole.

---

Kijana wa Ngarenaro

Dada Mwanaisha, hiyo ya Subway Surfers umenibana, nakubali. Super Mario Run ya 2016 ni mfano mwingine wa namna hiyo: Mario anakimbia mwenyewe, wewe unagusa kumrusha, mkono mmoja unatosha. Hawakuchora vitufe juu ya kioo.

Lakini angalia walichokitoa kafara. Mario hawezi kusimama popote anapotaka akafikiri, hawezi kurudi nyuma kwa hiari yake. Gemu imepunguzwa ili iingie kwenye kidole kimoja. Ni nzuri kwa safari fupi, ila ukinipa ile na New Super Mario Bros. siku moja, najua nitarudi wapi.

---

Nahodha wa Kitaa

Mbona hakuna aliyeizungumzia Vita kwa undani? Ile ndiyo ilikuwa na vyote: vijiti viwili, vitufe, kioo cha mbele cha inchi 5 na padi ya kugusa mgongoni. Ilitoka Japani Desemba 2011.

Mimi ni mtu wa mpira, nitasema la mpira. FIFA Football kwenye Vita ilitumia mgongo wa mashine kama goli. Yaani ile padi ya nyuma ni milingoti: ukigusa juu kushoto, mpira unaenda juu kushoto. Wazo ni zuri mno, hakuna pedi inayoweza kukuruhusu uchague kona kwa usahihi ule. Shida ni kwamba mgongo wa mashine ndipo vidole vinapokaa. Uko katikati ya uwanja, unatafuta pasi, kidole cha kati kinajisogeza kidogo, mchezaji wako anapiga shuti kutoka mita arobaini. Uzuri unaweza kuizima kwenye mipangilio.

Siku hizi niko eFootball kwenye simu. Kuna mtindo wa vitufe na kuna mtindo wa kugusa na kutelezesha. Nimejaribu wa kutelezesha, pasi ndefu unaichora inakoenda na inafika, inapendeza. Ila kwenye kukaba nahitaji kubonyeza, tena haraka, tena bila kuangalia kidole. Nimerudi kwenye vitufe.

---

Mzee wa Katriji

Nahodha umenikumbusha Uncharted: Golden Abyss, nayo ya Vita. Ndani ya gemu moja utaona kioo kikitumika vizuri na vibaya. Unapopata maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye jiwe, unaweka karatasi na kusugua mkaa kwa kidole mpaka maandishi yajitokeze. Kuna barua unayotakiwa kuinua Vita yenyewe mbele ya mwanga halisi, taa au dirisha, ili uisome. Mambo hayo yanakaa kichwani. Halafu uko katikati ya ngumi, vidole viko kwenye vitufe, unaambiwa usugue kioo kuelekea mshale ili umalize adui. Kosa la Castlevania limerudiwa baada ya miaka zaidi ya sita.

Switch yenyewe imekaa kimya kwenye suala hili, na sababu iko wazi. Ukiichomeka kwenye kituo chake uchezee kwenye TV, kioo kinafichwa ndani. Ni watengenezaji wachache watakaojenga gemu nzima juu ya kitu ambacho mchezaji akiwa sebuleni hawezi kukigusa. Kwa hiyo tangu Machi 2017 kioo kile kizuri kimebaki zaidi cha kuandikia jina na kuchagua menyu. Mahali kinapong'aa ni Super Mario Maker 2: ukiwa umeishika mkononi unajenga hatua kwa kidole, unachukua tofali, unaliweka. Ukihamia kwenye TV unajenga ileile kwa pedi, na kila tofali linakuwa safari.

The World Ends with You inaonyesha vizuri gharama ya kuhamisha. Kwenye DS mwaka 2007 ulipigana vioo vyote viwili kwa wakati mmoja, kalamu chini, vitufe vya mwelekeo juu. Ilipokwenda Switch 2018, mkononi unacheza kwa kugusa, kwenye TV unaelekeza kwa Joy-Con hewani. Njia ya vitufe vya kawaida hawakuiweka kabisa. Wengi walilalamika, lakini mimi naona hawakuwa na namna. Gemu ile ilizaliwa na kalamu.

---

Mashoto Mwanza

Naomba na sisi tunaotumia kushoto tusisahaulike. Phantom Hourglass inakuuliza mwanzoni unaandika kwa mkono gani, inajipanga. Nilifurahi sana. Lakini Kid Icarus: Uprising ya 3DS, 2012, inataka mkono wa kushoto utembee kwa kile kijiti cha duara na wa kulia ulenge kwa kalamu. Kwa mashoto anayetaka kijiti, mpaka ununue kifaa cha ziada kinachoongeza kijiti upande wa pili. Hata wa kulia walichoka viganja, gemu ilikuja na kisimamio cha kuiweka mezani ndani ya boksi. Gemu nzuri kupita kiasi, lakini mkono unauma.

Kwenye simu nageuza kila kitu upande wa pili na naendelea. Hapo kioo kimenitendea haki kuliko konsoli yoyote.

---

Mama Rayan

Habari zenu wote. Nimesoma uzi wote, nimejifunza. Naomba ushauri wa vitendo: mwanangu ana miaka minane, anapenda kuchora na anapenda gemu za magari. Natafuta kitu cha mtumba. Nimeonyeshwa 3DS, Switch Lite na tableti. Sitaki awe anashika simu yangu kila saa.

---

Mzee wa Katriji

Karibu, mama. Kwa mtoto wa aina hiyo ningeiacha tableti. Kuchora atachora, lakini magari kwenye kioo ni kuinamisha au kubonyeza picha ya kitufe, na matangazo ya kwenye gemu za bure yatakusumbua wewe kabla yake.

Switch Lite ni ya mkononi tu, haichomekwi kwenye TV, kwa hiyo kioo chake cha inchi 5.5 kiko wazi muda wote, na ana vitufe halisi kwa Mario Kart 8 Deluxe. Katriji (kadi ya gemu) yoyote ya Switch inaingia, iwe ya Marekani, Ulaya au Japani. Angalia vijiti tu, kwa sababu havichomoki kama vya Switch kubwa. Kikianza kutembea chenyewe ni kufungua mashine nzima.

3DS ni nzuri kwa kuchora na bado ina gemu tamu, pamoja na karibu zote za DS. Lakini duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, huwezi kununua gemu mpya humo. Ni katriji za mkononi kwa mkononi. Na katriji za 3DS zimefungwa kwa kanda: mashine ya Japani haichezi ya Ulaya. Uliza kabla ya kulipa.

Kwa bei zikikaribiana, chukua Switch Lite.

---

Fundi Kioo K/koo

Mama Rayan, naongezea jinsi ya kukagua kioo ukiwa palepale kwa muuzaji.

Kama ni 3DS, fungua ile alama ya penseli juu ya menyu kuu, ni daftari la kuchorea. Vuta mstari taratibu kutoka kona hadi kona, halafu kona nyingine mbili, kisha pita kingo zote nne. Mstari ukiwa umehama kando ya kalamu usiogope, ingia kwenye mipangilio usawazishe kioo, ni kugusa alama chache tu. Lakini mstari ukikatika mahali palepale kila unapopita, hata baada ya kusawazisha, tabaka limechoka, na kioo cha kubadilisha siku hizi kinapatikana kwa shida.

Kama ni Switch Lite, ingia kwenye mipangilio ya pedi, fungua sehemu ya kusawazisha vijiti, achia mikono kabisa uangalie ile alama: isipotulia katikati, kijiti kimeshaanza kutembea. Kisha fungua kibodi ya kuandikia jina, gusa herufi zote moja baada ya nyingine, hasa za pembeni. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye chaji na ikiwa nje ya chaji. Herufi zikijiandika zenyewe ukiwa kwenye chaji, omba chaja nyingine ujaribu tena kabla hujakataa mashine.